Likizo hii tutoke kwa saa za bahari

Maneno niliyozungumza na wazazi wa mtaa wetu wa Kibokoni, Mombasa, jioni ya siku skuli zilipofungwa mwezi wa Novemba

Assalaam alaykum wazee wangu, na majirani zangu wa dini zote, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, hasa kina mama mlioacha vyungu motoni, na ami zangu mlioinuka kwenye bao kabla mchezo haujesha. Sitawaweka mpaka adhana ya magharibi itukute hapa. Nina jambo moja, nalo ni watoto.

Leo adhuhuri nilikuwa dirishani nikiwatazama wakirudi na mabegi yao. Mmoja wao alifika mlangoni kwao, akalitua begi, akakaa kizingitini. Akaangalia kichochoro upande wa Ngomeni, akaangalia upande wa sokoni, akainamisha kichwa akaanza kuchora vumbi kwa kidole. Likizo ilikuwa haijatimiza nusu saa, na mtoto hana pa kwenda. Nimesomesha zaidi ya miaka 30, uso ule naujua. Skuli hazifunguliwi mpaka Januari. Kesho kutwa mtoto yule atakuwa na simu ya mtu mkononi asubuhi hadi usiku, au atakuwa amelifuata kundi la wenziwe mpaka pwani bila mtu mzima hata mmoja. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Na msimu wenyewe unawaita. Mnausikia mwilini: kusi imekwisha, vuli inamalizia matone yake, na upepo umeanza kutugeukia. Kaskazi inaingia. Ndiyo pepo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi mpaka Bandari ya Kale hapa chini yetu, na wazee walioko hapa wanakumbuka harufu ya papa mkavu na halua iliyokuwa ikipanda nayo kutoka gatini. Kusi ikivuma bahari huwa chafu, mwani unajazana pwani hata mtoto haoni anapokanyaga. Kaskazi ikishika, maji yanatakata mpaka unauona mchanga chini. Maembe nayo yameanza, boribo na ngowe. Joto litazidi, nyumba zetu hizi za kuta nene zitakuwa tanuri saa za mchana kwa wale wanaokaa ghorofa za juu chini ya mabati. Mtoto hawezi kufungiwa ndani miezi hii. Atatoka tu. Swali ni kama atatoka na sisi.

Ninaloomba ni hili. Likizo hii tusitoke kila nyumba peke yake. Tutoke mtaa mzima, na siku na saa tuzichague kwa maji ya bahari, tusizichague kwa unono wa mfuko.

Nianze na huo mfuko. Mwaka juzi kulifunguliwa mahali pa kuchezea watoto hapa mjini, pana yale majumba ya mpira ya kurukia na vigari vya umeme. Watoto kumi wa vichochoro hivi walikwenda kwa miguu wakiwa pamoja. Langoni wakaambiwa bei. Wanne walikuwa nayo, sita hawakuwa nayo. Wale sita walisimama kwenye ua wa chuma wakiwatazama wenzao mpaka walipomaliza, kwa sababu walikuwa wameahidi nyumbani kuwa watarudi pamoja. Mmoja wa wale wanne alinihadithia mwenyewe. Aliniambia, "Mwalimu, tulirudi sote lakini njia nzima hakuna aliyesema." Sina ugomvi na mwenye biashara, naye ana kodi ya kulipa. Ila siku ile nilijiuliza sisi watu wazima tulikuwa wapi, hata furaha ya watoto wetu ikawa imekatwa vipande viwili na lango.

Sisi tuliokulia hapa tulijua namna nyingine. Kumbukeni Idi pale uwanja wa Makadara. Pembea za mbao zinasukumwa na vijana wenye nguvu, moshi wa mishikaki umetanda, viazi karai vinatolewa mafutani vikiwa vya moto hata ulimi unababuka, na kila mtoto amevaa nguo mpya, ya dukani au ya cherehani ya mamake. Mkono wa Idi wangu ulikuwa thumni moja nimeifunga kwenye pembe ya leso, fundo nimelikaza kwa meno. Mtoto wa tajiri na mtoto wa hamali walingoja zamu kwenye pembea ile ile. Kilichofanya hivyo ni kwamba siku ile mji mzima ulitoka. Idi basi haitungoji kwenye likizo. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11 kwenye kalenda ya ukutani, na mwaka huu imeshapita. Hatuna budi kujitengenezea siku zetu.

Sasa nije kwenye maji, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo roho za watoto zilipo.

Babangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa mashua. Hakutupeleka pwani hata siku moja bila kwanza kutoka uani baada ya isha na kuutazama mwezi. Alitufunza hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku hizo na moja mbili zinazofuata, maji ni ya bamvua: yanakwenda mbali sana na yanarudi juu sana. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayaendi mbali wala hayapandi sana. Kupwa kunachukua kama saa 6, kujaa vivyo hivyo na dakika kidogo, na kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Kwa hesabu hiyo, hapa kwetu Mombasa siku za bamvua maji yanakupwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, na yanajaa pomoni saa 10 au saa 11 jioni. Siku za maji mafu mambo yanageuka: bahari imejaa asubuhi hiyo hiyo ya saa 4, saa 5, na inakupwa jioni. Huhitaji simu kulijua hili. Unahitaji kutoka uani ukainua macho.

Kwa hiyo anayetaka watoto waogelee asubuhi, na achague nusu mwezi. Anayetaka kuwaonyesha mwamba, kaa na samaki wa vidimbwini, na achague bamvua. Tukiyajua haya mawili tumeshapata kalenda ya likizo nzima, na haikutugharimu hata shilingi.

Bamvua ina hatari yake. Naijua kwa mwili wangu.

Nilikuwa na miaka 9. Tulikuwa Shelly, ng'ambo ya Likoni. Mama zetu wamekaa chini ya mti wanakata vitunguu vya kachumbari, sufuria la pilau limefunikwa na kufungwa kwa leso lisipoe. Sisi watoto watano tukatoka na ndoo moja kuokota simbi. Maji yalikuwa yamekupwa hata mgongo wa mwamba ukawa nje, mweusi, unang'aa. Tukavuka tukifuata vidimbwi, tukafika kwenye fungu la mchanga, mkavu, mweupe. Tukakaa pale tukipanga simbi zetu kwa ukubwa. Mbele yetu bahari ilikuwa mbali imetulia. Hakuna aliyeangalia nyuma. Adhuhuri ikapita. Nikahisi ubaridi kwenye kisigino, nikageuka, na pale tulipopita kwa nyayo zetu palikuwa na maji yanakwenda kama mto.

Wazazi wengi hawalijui jambo hili, na hata ningekuwa na dakika tano tu leo ningelisema hili peke yake. Bahari yetu haimjii mtoto kwa mbele. Kati ya fungu la mchanga na pwani pana bonde, na maji yanapojaa huingia kwanza bondeni kwa sababu ndiko chini. Fungu ulilosimama juu yake linabaki kavu mpaka mwisho. Mtoto anatazama miguu yake, anaona mchanga mkavu, anaamini yuko salama, kumbe ameshakuwa kisiwani. Tena saa ya kwanza maji hupanda polepole, hata mtu mzima anadanganyika. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazokimbia. Siku za bamvua hapa petu tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 3. Hebu tazameni ukuta ule wa nyumba ya jirani, mlango na juu yake tena. Kimo hicho chote kinajazwa kwa saa 6.

Aliyetutoa alikuwa bi mmoja wa Kidigo aliyekuwa akitafuta pweza na fimbo yake. Hakupiga kelele. Alimfunga ndugu yangu mdogo mgongoni kwa leso yake, akatwambia tushikane mikono na asitangulie mtu. Nilidhani atatupeleka moja kwa moja kwa mama zetu, tulikuwa tunawaona. Hakufanya hivyo. Alituzungusha upande, akigusagusa chini kwa fimbo, akatupitisha juu ya mgongo wa mwamba ambao sisi hatukuuona tena kwa kuwa ulikuwa umeshafunikwa. Maji yalinifika kifuani. Ndoo ilikwenda na simbi zake. Tulipofika, mamangu alikuwa analia hawezi kusema, na yule bi akamwambia kwa upole, "Mwezi mchanga, saa tano wageuke warudi." Akanywa maji, akashika fimbo yake akaenda zake. Jina lake sikulipata. Namwombea dua mpaka leo.

Basi hiyo saa tano ya bi yule ndiyo sheria ninayoitaka mtaani kwetu. Kundi likiingia mwambani, liingie maji yakiwa bado yanatoka, mtu mzima mmoja atangulie na mmoja awe nyuma ya wote, na maji yanapoacha kutoka tugeuke, hata kama mtoto amemwona pweza shimoni na anatuomba dakika moja. Dakika hiyo hatumpi. Viatu vya plastiki vya kufunga miguuni kwa kila mtoto, kwa sababu ya wale wadudu wa mwambani wenye miiba mirefu myeusi kama sindano. Kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, anatazamwa pale pale majini alipo. Akitolewa juani akapitishwa mikononi mwa watoto ishirini apigwe picha, anakufa. Simbi na makome siku zile tulijaza ndoo, leo tutazipindua, tuzitazame, tuzirudishe. Upande wa Nyali na Bamburi kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa tangu mwaka 1986, na huko kuokota ni marufuku. Mimi naomba tuifuate desturi hiyo kila tunapofika.

Kuna wanaoniuliza, mwalimu, hiyo pwani yenyewe tutaifikia wapi, kila njia ya kuteremkia imejengwa ukuta na lango. Ni kweli, na ni uchungu. Vijia nilivyopita nikiwa mdogo, vingine leo vina askari anayekuuliza unakwenda kwa nani. Lakini mjue haki yenu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62, imeweka ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Pale bahari inapofika na kurudi ni pa mtoto wako kama ilivyo pa mgeni aliyelala kwenye kitanda cha hoteli. Tutumie njia za umma zilizobaki, tupite kwa adabu, tupite wengi, na tupite mara kwa mara, maana njia isiyokanyagwa huota nyasi na siku moja mtu huja kusema haikuwahi kuwako.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale tunapopaita Pirates, nao ni wetu na watoto wanaupenda kwa ngamia na maboya. Ninaomba tu tusiende tarehe 25 na 26 Desemba wala siku ya mwaka mpya. Siku hizo watu wamebanana hata mchanga hauonekani, na mtoto akikuponyoka mkononi unaweza kumtafuta mpaka jua lizame. Twendeni siku nyingine, katikati ya wiki, mapema, jua halijapanda utosini. Na yale maboya ya tyubu za gari ni matamu, lakini humpeleka mtoto mahali miguu haifiki chini bila mwenyewe kujua. Mwenye boya ashikiwe kamba na mtu mzima aliyesimama majini. Aliyekaa kivulini na simu hatumhesabu kuwa anaangalia mtoto.

Si kila matembezi yawe ya kulowa. Tuna bustani ya Mama Ngina, pale Lighthouse, tangu patengenezwe upya mwaka 2019 pana njia pana za kupita, na kwa sababu hiyo ndipo ninapotaka tuwapeleke bibi zetu na babu zetu, na yule kijana wetu wa kiti cha magurudumu ambaye mchanga wa pwani unamkataa. Alasiri chini ya mibuyu, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, dafu moja kwa watoto wawili. Meli inapoingia Kilindini inapita karibu mno na ukingo, unamwona baharia aliyesimama juu akikupungia mkono. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka minne akikaza shingo kuhesabu makontena mpaka akaanguka kitako. Babu mmoja aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote alikuwa amekaa karibu, akaanza kumweleza meli ile imetoka wapi na nanga inateremshwaje. Watu wakawakusanyikia. Maelezo ya namna ile hayalipiwi kiingilio popote.

Ngome nayo, hii Fort Jesus yetu, jamani, iko hatua mia chache kutoka hapa tulipokaa, na kuna watoto wa mtaa huu ambao hawajaingia ndani yake. Wanacheza mpira kivulini mwake kila jioni. Wareno waliianza mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 mpaka 1698, ikawa gereza la Waingereza, na tangu 1962 ni makumbusho. Nitawaingiza mwenyewe kwa makundi madogo, na bei ya kundi nitaiulizia kabla ili pasiwe na mtoto wa kusimama nje.

Haller Park, Bamburi, itabidi tuchange nauli na kiingilio, na nitawaambia kwa nini naona inastahili. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha simiti. Ardhi imechimbwa ikabaki mwamba mtupu, mweupe, hakuna hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa mimea, René Haller, akaanza kujaribu miti ya kila aina, na mingi ikafa. Mvinje ukashika. Tatizo likawa majani yake makavu yalilala chini bila kuoza, basi wakaletwa majongoo. Hawa hawa majongoo mnaowafagia barazani! Wakayala majani, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukaotesha miti mingine, na leo ni msitu wenye twiga. Nataka mtoto aliyezoea kumkanyaga jongoo asimame mbele ya msitu ule na kuambiwa ni kazi ya nani.

Na ni aibu kidogo kwa mtoto wa Kibokoni kutojua habari ya kiboko Owen. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 alikutwa peke yake baharini kule Malindi, bado mdogo, amepotelewa na wenziwe. Akaokolewa na kuletwa pale Haller Park. Alipofunguliwa akamkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akajificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya mamake. Kobe mwanzo alimkimbia. Baadaye wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja. Nimesomesha hadithi hiyo darasani mara nyingi, na kila mara kuna mtoto anayenyamaza zaidi ya wengine. Mara nyingi ni yule anayelelewa na bibi yake.

Chakula tusikifanye mzigo. Mama mmoja anapika pilau, mwingine mahamri na mbaazi, mwingine analeta maembe mabichi yaliyokatwa na chumvi na pilipili, mwenye friji analeta maji na juisi ya ukwaju. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani, joto hili linamkausha mtoto naye anaendelea kukimbia. Tubebe kwenye vikapu vyetu vya ukindu, na sahani za nyumbani zinazooshwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi katika hifadhi na fuo zilizolindwa. Bila sheria pia, mtu hali pilau kwenye mkeka wake kisha akaacha mifupa juu yake.

Kina baba, nawageukia nyinyi. Najua mnatafuta riziki, na najua wengi mnapomwambia mama watoto "chukua hii nauli, nendeni" mnaona mmetimiza. Mmetimiza nusu. Mtoto akitoka majini hutafuta ufukweni uso wa babake kuona kama aliona alivyopiga mbizi. Nimeliona hilo kwa watoto wangu na kwa wenu. Hata siku mbili katika likizo nzima. Bodaboda ataacha abiria wachache, fundi atachelewesha mlango wa mtu kwa siku moja. Tena nahitaji mikono yenye nguvu majini. Kwa kila watoto watano nataka mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, na kina mama wengi wa rika langu hatukufunzwa. Na hilo nalo tulibadilishe, wasichana wetu wafunzwe mapema, kwa stara na mahali penye utulivu. Kuna mabinti wawili hapa mtaani wanaojua vizuri na wamekubali kuwafunza asubuhi za maji mafu.

Siku ambazo hatuendi popote, kuanzia alasiri mpaka magharibi kichochoro hiki kiwe cha watoto. Nimeshasema na vijana wa tuktuk, wamekubali kuzungukia njia ya juu. Mdako, tinge, kuruka kamba. Tiara juu ya paa la nyumba, hapana, zitarushwa uwanjani. Wazee wa bao nawaomba mumkaribishe mtoto mmoja mmoja ajifunze kuhesabu kete. Dhumna na keram vivyo hivyo. Sauti zenu tu zipungue kidogo mnaposhindwa.

Basi safari ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Mwezi utakuwa mchanga, wa siku ya pili, kwa hiyo ni bamvua, maji yatakupwa kwenye saa 5 asubuhi. Tunakwenda Shelly. Ndiyo, pale pale. Mwaka huu nataka kuwaonyesha wajukuu zangu mwamba tuliopitishwa.

Tukutane hapa saa 12 na nusu asubuhi, chai kila mtu ameshakunywa kwao. Mpaka feri tunatembea pamoja, watoto wadogo na wazee watapanda tuktuk mbili, na feri yenyewe kwa mwenye miguu ni bure. Ndani ya feri watoto wanakaa katikati, hakuna kuegemea kingoni. Saa 3 na nusu tunaingia mwambani maji yakiwa yanatoka. Saa 5 tunageuka wote, na atakayebishana nitamkumbusha habari ya ndoo. Kisha tunakula, tunaswali wanaoswali, na wanaotaka kuogelea wataogelea karibu na mchanga maji yanapotujia wenyewe. Saa 9 tunafunga mikeka, kabla bahari haijaumaliza ufuo.

Nahitaji sufuria kubwa mbili, mwenye nazo anione kabla hajaondoka. Nahitaji kina baba wanane, hapa nina karatasi na kalamu, andikeni majina wenyewe. Na kila mtoto atafungwa kitambaa cha rangi moja mkononi, cha leso, kimeandikwa nambari ya simu ya mzazi kwa wino usiotoka kwa maji, ili yeyote atakayemwona peke yake ajue ni wa Kibokoni na arudi naye kwetu. Leso ya kuchana nimeileta yangu, hii nyekundu, ni kuukuu lakini rangi bado imekolea. Nani ana mkasi?